Mvumo wa Gurudumu la Kushoto

Nilipoolewa, mume wangu nilikuwa simjui. Nilijua kwamba ni Mnyaturu wa Ihanja, kwamba ni dereva, na kwamba alipokuja kwetu Kilimatinde kujitambulisha alikaa kitini kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Mengine nilisimuliwa. Ilikuwa enzi za Mwingereza, vita vimekwisha lakini vipuri vya magari bado adimu, na lori aliloliendesha lilikuwa la Mhindi mmoja mwenye duka Singida mjini. Tajiri huyo alimruhusu, akishashusha ngozi stesheni ya Manyoni, anipitie nyumbani anipeleke kwa wakwe zangu.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenisindikiza. Alikaa upande wa mlango, mimi katikati, nimepakata chungu cha samli ya kumpelekea mama mkwe.

Tulikwisha kuiacha Manyoni, tumeingia kwenye vichaka, mume wangu alipoinamisha shingo. Hakuwa msemaji tangu asubuhi, lakini sasa hata kuitikia aliacha.

"Mnasikia?" akauliza.

Mimi nilisikia kelele za lori, basi. Shangazi akanigeukia, akaniambia kwa Kigogo, lugha ya kwetu, ili yeye asielewe, "Mwanaume huyu anasikiliza gari kuliko mkewe. Utapata taabu, mwanangu." Nikatazama chungu changu.

Tulipofika kwenye mteremko akatoa gia, akazima injini. Lori likateremka lenyewe, na katika utulivu ule nikausikia: mvumo mzito uliotoka chini ya miguu yetu. Mwendo ulipopungua, nao ukapungua.

"Injini imelala," akasema, "lakini hii bado inalia. Basi ni gurudumu."

Akawasha tena. Barabara ilikuwa tupu, akaanza kuliyumbisha lori taratibu, mara kulia, mara kushoto. Shangazi akashika mlango kwa mikono miwili akimtaja Mungu. Kila tulipokata kulia, uzito ukaegemea kushoto, na mvumo ukapanda. Tulipokata kushoto ukafifia. Hata mimi nilianza kuungoja.

Akasimamisha gari. Alizunguka akigusa katikati ya kila gurudumu kwa mgongo wa kiganja, jinsi mama anavyompima mtoto homa. Kwenye gurudumu la mbele kushoto aliurudisha mkono haraka.

Akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akapiga jeki mpaka lile la kushoto likaning'inia. Alilishika juu na chini akalitikisa, likacheza kidogo. Kisha akaniita.

"Njoo unisaidie. Lizungushe polepole, usiliachie."

Nilikuwa na vitenge vipya vya arusi, lakini nilienda. Nikalizungusha. Yeye akagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma nyuma ya gurudumu, na mpini wake akauweka sikioni. Akasikiliza huku amefumba macho. Sikutarajia kwamba atanipa na mimi. Alinipa. Akashika gurudumu yeye, akaniambia nisikilize.

"Kama kusaga mtama wenye mchanga," nikasema.

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka, na meno yake yalikuwa mazuri.

"Hivyo hivyo. Hiyo ni beringi. Ndani kuna vyuma vidogo vinavyoviringika. Kimoja kimeliwa."

Akavua gurudumu, akafungua kifuniko cha katikati, akachomoa pini, akalegeza nati. Kila alichokitoa alikipanga juu ya gunia kwa mpangilio wa kutoka, na hakuna alichokiweka mchangani. Alipoisafisha beringi kwa mafuta ya taa akanionyesha: vyuma vingine viling'aa, kimoja kilikuwa na vidonda kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

Shangazi, aliyekuwa amekaa kivulini mwa lori, akaniambia kwa Kigogo, "Mpe hiyo samli apake, tuondoke. Kwa mama yake tutaeleza."

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akajibu, kwa Kigogo kilichonyooka, "Samli ni ya mama, shangazi. Grisi ninayo." Akaendelea kufuta chuma, kisha akaongeza, "Na mke wangu nitamsikiliza pia."

Shangazi akajifunika uso kwa khanga. Mabega yalimtikisika kwa kicheko cha aibu, nami nikashindwa kujizuia.

Chini ya kiti alikuwa na kopo la maziwa, na ndani yake beringi aliyoitoa kwenye lori bovu la aina ile ile, ameifunga kwa kitambaa chenye grisi. Aling'oa kikombe cha chuma ambamo ile mbovu ilikuwa ikizungukia, kwa tindo na nyundo, akigonga upande huu, kisha upande wa pili, ili kisitoke mshazari. Akagonga kingine mahali pake. Grisi aliisukuma kwa kiganja mpaka ikachomoza kati ya kila chuma na chuma. Nati aliikaza huku akizungusha gurudumu hadi likawa zito, halafu akailegeza kidogo.

"Ukikaza mno linaungua," akaniambia. "Ukilegeza mno linayumba."

Akalizungusha kwa kidole kimoja, likazunguka na kuzunguka bila sauti.

Tulifika Ihanja jua lingali juu. Njia nzima shangazi alimuuliza habari za mashamba yao, za mvua na mifugo, naye akajibu vizuri, kwa Kigogo. Mama mkwe akatoka mbio kutupokea. Shangazi alipokwisha kusalimiana naye, mume wangu akasogea, akasema, "Shikamoo, mama," mikono ameificha nyuma kwa sababu ya weusi wa grisi.

"Marahaba, baba. Mbona hunipi mkono?"

"Ni michafu, mama."

"Mshike hivyo hivyo," shangazi akamwambia mama mkwe. "Mikono hiyo nimeiona ikifanya kazi."