Kitambaa Juu ya Benchi la Wagonjwa

Kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni ya kipande na kupigwa pasi ya makaa kina harufu yake. Juzi ilinipata kazini, kalamu ikanisimama mkononi.

Mama yangu alikuwa akipiga deki katika kituo cha afya cha serikali, kule Siakago. Ndugu yangu mdogo, Njiru, alilazwa humo kwa nimonia. Alihema vibaya, jamani, hata wauguzi walikwepa macho yetu. Mama akamwahidi Mungu: mtoto akipona, atashona mstari wa Maandiko na kuutundika hapohapo, kila mama aliyepakata mgonjwa auone. Njiru akapona. Mama akashona miezi mitatu, uzi mwekundu kwenye kitambaa cheupe, maua pembe zote, kisha akakitundika juu ya benchi la kungojea. Ruhusa hakuomba. Kwetu vitambaa vya mistari vimejaa sebuleni hadi juu ya redio. Nani angewaza kuomba ruhusa ya kutundika Neno?

Siku moja alikuja mkubwa mgeni kukagua. Mimi nilikuwa na miaka minane, nimetoka shule, namngoja mama.

"Nani ametundika hii?" akauliza.

Muuguzi akatazama viatu vyake. Mimi nikaruka, "Ni mama! Ameshona mwenyewe!" Wacha wee, nilikuwa nangoja sifa, pengine na peremende.

Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

"Mama, hii ni nyumba ya serikali. Watu wa dini zote huketi hapa. Toa, tafadhali. Tundika nyumbani."

"Sawa, mkubwa," mama akasema, mikono ikipangusa aproni iliyokuwa kavu. "Lakini nilimwahidi Mungu hapa. Si nyumbani. Sasa ahadi yangu nitaifanya nini?"

Yule bwana akatazama saa yake. Mama akapanda benchi, akakitoa.

Njiani nikamuuliza, "Mama, sasa Njiru atakufa?" Akakaza mwendo. Ahadi ni deni, alikuwa akitufundisha, na sasa deni la Mungu lilikuwa limekunjwa ndani ya kikapu, na kilicholisababisha ni mdomo wangu. Mwaka mzima Njiru akikohoa, mama aliacha mwiko kwenye sufuria, mimi naacha kuandika, tunasikiliza. Sikuwa na la kufanya. Nilijaribu kukohoa badala yake.

Hakufa. Leo ana kitambi na hupenda ubishi. Lakini mama hakukitundika tena kitambaa kile. Kilibaki chini ya godoro mpaka tulipomzika.

Mimi sasa ni muuguzi msimamizi wa zahanati ya serikali huku Kibugu, kwenye majani chai. Juzi aliingia mama mmoja, mtoto mgongoni, mkononi kitambaa kimepigwa pasi vizuri. Mtoto alikuwa amepona. Nikajua neno litakalofuata kabla hajafungua mdomo. Kwenye benchi, mwishoni kabisa, dada mmoja wa buibui alikuwa akimbembeleza mwanawe mwenye homa. Naye pia alikuwa amekuja kwangu.

"Mama," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "tundika nyumbani."

"Na ahadi yangu, sista?"

Miaka yote ile nilimchukia yule bwana, nikidhani alikuwa na haraka. Nikatazama saa yangu. Mpaka leo siwezi kukwambia ilikuwa saa ngapi.