Msusi Aliyekataa Mkate wa Wifi

Mteja aliondoka saluni na nusu kichwa. Upande wa kulia misuko ilikuwa imelala vizuri, myembamba na iliyonyooka. Upande wa kushoto nywele zilisimama kama zimeona simba. Alijifunga mtandio akatoka bila kuaga, na kabla jua halijatua mtaa mzima ulikuwa umesikia kwamba msusi amegoma katikati ya kichwa cha mtu.

Hakugoma. Mikono ndiyo iliyomwacha. Asubuhi ile alikunywa chai na mkate kama siku zote, akashika chanuo, akaanza kazi. Baadaye tumbo likajaa na kukaza kama ngoma iliyowambwa, kisha kikaja kile kitu. Hakuwa na jina la kukiita. Haikuwa huzuni, maana huzuni huwa na msiba wake au jambo lililoharibika. Hii ilimshukia tu, nzito kama blanketi lililoloa, akaona hakuna haja ya kumaliza msuko ule wala wa kesho. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo kama mtu anayesubiri zamu yake na hajui ni zamu ya nini.

Wateja walikuwa wamembatiza jina la Kisirani. Si kwamba walimchukia. Alikuwa na mkono mwepesi, anasuka mtoto mchanga wa nywele laini na asilie, na mwanamke anayependa kupendeza atavumilia mengi. Lakini walitumana kwanza, mmoja apite mlangoni kumchungulia Kisirani kaamkaje leo. Akiwa ameamka vizuri, benchi lilijaa. Akiwa ameamka vibaya, walikumbuka ghafla kwamba wameacha nguo kwenye kamba.

Nyumbani mambo yalikuwa hayo hayo, ila huko hakuna wa kukumbuka nguo. Binti yake wa darasa la kwanza alijua kuusoma uso wa mama kabla hajajua kusoma ubaoni. Alisimama mlangoni na viatu mkononi, akimwangalia, kisha akageuka akaenda kwa baba kufungwa kamba, ingawa baba alizifunga ovyo na zilifunguka kabla hajafika shule. Msusi aliyaona hayo akiwa amelala. Aliyaona yote. Kuinuka ndiko kulikomshinda.

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache, aliyelelewa na dada yake mkubwa baada ya wazazi kufariki. Dada huyo ni mwoka mikate. Kwa mikate hiyo alimvisha, akamsomesha, akamnunulia spana yake ya kwanza. Kila Jumapili alikuja na mkate mkubwa umefungwa kwa kitambaa, bado una joto, akaukata mwenyewe na kumpa kila mtu kipande mkononi. Msusi hakuwahi kukataa. Utaukataaje mkono uliomlea mumeo?

Wifi ndiye aliyesema kwanza kwamba mtoto aende kwake. Ilikuwa baada ya msusi kumfokea binti kwa sababu ya maji yaliyomwagika, akafoka mpaka sauti ikakauka, kisha akajifungia chumbani akalia kuliko mtoto. Wifi alisema hana nia mbaya. Anataka tu mtoto apate mahali penye utulivu mpaka mama yake akae sawa. Fundi bomba akajibu tutaona. Alipoulizwa tena akasema sawa dada, shule zikifungwa.

Basi msusi akawa anahesabiwa kama mgonjwa wa kichwa nyumbani kwake mwenyewe. Kibaya zaidi, na yeye alianza kuamini.

Hospitali alikwenda kwa sababu ya kizunguzungu. Daktari alimvuta kope la chini, akaona peupe, akasema damu imepungua. Akauliza habari za tumbo, akaambiwa gesi, kuharisha, na kuchoka kusikoisha hata baada ya kulala. Kisha akauliza ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: anaamka akijisikiaje moyoni? Msusi akafungua mdomo ajibu, yakatoka machozi.

Daktari alimngoja amalize. Akamweleza kwamba ndani ya ngano na shayiri mna kitu kinaitwa gluteni, na kuna watu miili yao haipatani nacho. Wengine kinawaumiza utumbo hadi chakula kisifanye kazi mwilini, damu ikapungua. Wengine hawaonyeshi alama kwenye vipimo, ila wakila wanaumwa. Na kwa baadhi yao, shida haikomei tumboni.

"Si kila huzuni inatoka kwenye mkate, mama," alimwambia. "Kuna watakaoacha ngano na huzuni ikabaki pale pale. Lakini tumbo na kichwa ni majirani. Mmoja akiungua, mwingine anapata moshi."

Ilitakiwa apimwe damu, bahati mbaya vifaa vya kipimo hicho vilikuwa vimekwisha. Aliambiwa arudi mwezi unaofuata na mpaka hapo aendelee kula kama kawaida, kwa sababu kipimo kinamtafuta adui akiwa vitani, hakimwoni akiwa amekwenda zake. Akapewa na vidonge vya kuongeza damu.

Msusi alitoka pale akiwa na nia ya kutii. Asubuhi yake akauweka mkate mbele, chai ikapoa, mkono ukakataa. Utakula vipi kitu ambacho umeambiwa huenda ndicho kimekuwa kikikuibia mtoto? Akachemsha viazi. Kesho yake akachemsha tena.

Haikuwa miujiza, nasi tusiifanye iwe miujiza. Siku za kwanza kichwa kilimgonga. Dukani alisimama na pakiti za biskuti akisoma maandishi madogo mpaka muuza duka akamwuliza kama anatafuta majina ya ndugu zake. Lakini mwezi haujaisha, tumbo lilikuwa limeshuka, na siku moja mteja alikuwa akisimulia jinsi mumewe alivyoanguka kwenye mtaro akimkimbia bata, msusi akacheka mpaka chanuo likamdondoka. Saluni nzima ikamgeukia. Walikuwa hawajawahi kusikia kicheko chake. Kilikuwa kikubwa kama cha mwanamume.

Kisha akaalikwa kwenye sherehe, akala mchuzi mzito bila kujua umekolezwa na unga wa ngano. Kesho yake blanketi likarudi. Alikaa nalo siku kadhaa, akijua sasa linatoka wapi. Lilipoondoka, hakuhitaji mtu wa kumshawishi tena.

Aliporudi kupimwa, majibu yakaja safi. Hakuna kitu. Daktari alimlaumu kidogo, kwa upole, akasema hajashangaa, maana alikwishaacha ngano. Njia zilikuwa mbili. Arudie kula mkate kila siku kwa zaidi ya mwezi, kisha apimwe upya ili ijulikane kwa hakika. Au abaki bila ngano, waendelee kumfuatilia, ila jina kamili la ugonjwa asilijue. Akamwambia kujua kuna faida yake, afikirie.

Alifikiria. Lakini habari ya majibu safi ilimfikia wifi kabla hajamaliza kufikiria.

Jumapili iliyofuata wifi alikuja na mkate mkono huu, na mkono huu begi tupu. Shule zilikuwa zimefungwa. Aliketi, akaliweka begi miguuni, akasema hospitali imekwisha sema hakuna ugonjwa, kwa hiyo ni tabia, na tabia haina dawa. Kama msusi anabisha, basi ale mkate apimwe tena kama alivyoambiwa, na mtoto akae kwake kipindi hicho. Fundi bomba akatazama sakafu. Akasema taratibu kwamba mwezi si mrefu, mke wangu.

"Mwezi si mrefu kwako," msusi akasema. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mnataka nijirudishe kule shimoni ili karatasi iniamini? Karatasi itakuja kumfunga mtoto viatu?"

Wifi akasema hakuna anayemtakia shimo. Wanataka ukweli tu.

"Ukweli unao machoni. Ni lini mara ya mwisho umenikuta kitandani mchana? Mwanangu haendi popote. Na mkate siuli. Siuli leo, siuli kwa kipimo, siuli kwa kumfurahisha mtu."

Sauti ilikuwa imepanda. Wifi akamgeukia mdogo wake, akamwonyesha kwa kidevu.

"Unamwona? Mkate hajala, na bado anafoka. Ndiyo tabia yenyewe hiyo."

Hapo msusi akasimama. Akajikagua kwanza, kama mtu anayejipapasa mifukoni kuhakikisha kitu chake kipo. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile likamtia wifi wasiwasi kuliko makelele.

"Hii ni hasira, wifi. Ni yangu mwenyewe. Ile nyingine ilikuwa inakuja bila kosa la mtu, inampiga mtoto asiye na hatia na kuniacha nalia. Hii ina sababu, na sababu ni wewe uliyekaa kwenye kiti changu na begi la kubebea mwanangu. Ukali nilizaliwa nao, kamwulize mama yangu. Msinitibu ukali."

Akamgeukia mumewe. Akamwambia aliyetoa ahadi ni yeye, basi na aivunje yeye, kwa mdomo wake, papo hapo. Yeye msusi hatamvunjia.

Fundi bomba aliitazama mikono yake, ile mikono yenye alama za spana. Dada yake alikuwa amemlea, naye fundi hajawahi kumwambia hapana tangu utoto.

"Dada," akasema mwishowe, "mimi nikishaziba bomba, silizibui tena ili jirani aamini kwamba lilikuwa linavuja. Mtoto anabaki."

Macho ya wifi yalikuwa kwenye mkate, na aliposema, sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, ndogo, imeumia.

"Kwa hiyo miaka yote hii, mimi ndiye niliyekuwa namlisha mkeo ugonjwa?"

Msusi alikaa karibu naye. Hakupoa, lakini alikaa. Akamwambia mkono wake umemlea mwanamume mzuri, na hilo hakuna wa kulifuta. Mkate nao ni mtamu, mtaa mzima unajua. "Ila tumbo halijui undugu, wifi yangu. Halina adabu hata kidogo."

Wifi akachukua begi lake likiwa tupu vile vile. Mlangoni akasimama, akauliza bila kugeuka, kama mtu anayegomba na mlango, sasa Jumapili aje na nini.

"Njoo na kichwa chako," msusi akasema. "Hizo nywele zinatia aibu ukoo mzima."

Wifi hakucheka. Alipeleka tu mkono kwenye kilemba, akakivuta mbele, akaenda zake.

Msusi akarudi mezani. Akaukata mkate, kipande cha mumewe, kipande cha binti aliyekuwa ameingia kuuliza kama shangazi ameondoka. Wao hauwadhuru, na waule. Kisha akaosha kisu, akafuta meza vizuri mpaka pembeni, akavuta sahani yake ya viazi na kuanza kula.