Nusu ya Kikwembe cha Sikukuu

Mwaka huu tena wanawake wa avenyu yetu walikuja kuniuliza kama nitachukua kikwembe cha sikukuu ya uhuru. Kikwembe ndicho kitenge chetu huku Lubumbashi, na desturi ni ile ile tangu utoto wangu: sikukuu ikikaribia, wanawake wa avenyu moja wanachagua kitambaa kimoja, wanashona sare, wanaandamana pamoja mpaka mjini. Niliwaambia miguu inauma. Ni kweli inauma, lakini wewe sikufichi, rafiki yangu: nimechoka. Uhuru nimeushangilia mara mbili kabla meno yangu ya utoto hayajaisha kung'oka, kwanza wa Kongo nzima, kisha wa Katanga peke yake, jimbo letu lilipojitenga, na sijui ni upi kati ya hiyo uliotuletea usingizi mzuri.

Ninayoikumbuka zaidi ni sikukuu ya Katanga ilipotimiza mwaka wake wa kwanza. Mji ulikuwa bado una jina la malkia wa Wabelgiji. Mwezi wa saba huku ni baridi na vumbi jekundu, midomo inapasuka mpaka mtu anaogopa kucheka. Asubuhi moshi wa kiwanda ulilala juu ya ule mlima mweusi wa masalia ya shaba, na king'ora cha kazi kiliwaamsha hata wasio na kazi. Shuleni tuligawiwa bendera za karatasi, nyekundu, nyeupe na kijani, zenye misalaba mitatu ya rangi ya shaba. Mwalimu alitufundisha kugeuza shingo kuelekea jukwaani bila kupoteza hatua, nami nilikuwa hodari wa kugeuza shingo kuliko wote. Nani angeniambia kwamba sherehe haikuwa yangu? Nilizaliwa pale.

Ila wazazi wangu walikuwa watu wa Kasai. Baba alikuja kwa kazi ya reli, akamleta Mama, na mwaka ule watu wa Kasai walianza kutazamwa kwa jicho baya, wakidhaniwa hawautaki uhuru wa Katanga. Salamu zilipungua. Dukani mtu alikupita kwenye foleni kama hakukuona. Baba alitaka tuondoke mapema, wakati njia bado inapitika, twende Kasai ambayo sisi watoto tulikuwa hatujawahi kuiona. Mama alikataa. Aliingia avenyu ile akiwa bi arusi, na nusu ya watoto wa pale aliwapokea kwa mikono yake walipozaliwa.

"Tungoye kikwembe," alimwambia Baba. "Bakinipatia, tutabaki. Bakininyima, nitafunga bintu miye mwenyewe."

Baba akakubali. Basi nyumba nzima ikakaa kungojea kitambaa.

Mkubwa wa wanawake wa avenyu alikuja na furushi kichwani, akigawa nyumba kwa nyumba. Mama alikuwa anapiga pasi shati la Baba kwa pasi ya makaa. Tukasikia vicheko na hodi kwa jirani wa kulia. Baadaye tukavisikia kwa jirani wa kushoto. Mama aliendelea kupiga pasi shati lile lile mpaka kola ikaungua, na Baba akalivaa hivyo hivyo.

Jioni, kabla ya sikukuu yenyewe, jirani wa kushoto akabisha hodi. Alikuwa mwanamke wa upande wa Luapula, huko huko Katanga, mwembamba, mwenye maneno makali. Kila sikukuu yeye na Mama walipika pamoja munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi.

"Yaya, fungula. Iko miye," alisema, kwani Mama alimwita dada mkubwa.

Akaingia, akaweka kitambaa mezani. Kilikuwa kimekatwa katikati.

"Juu ya nini ukate yako?" Mama aliuliza.

"Juu weye uliikala hapa mbele ya miye. Miye nilikukuta."

"Batasema."

"Baseme. Kinywa iko yabo."

Nusu haikutosha gauni. Kila mmoja alijishonea blauzi kwa mkono, akaivaa na sketi ya zamani. Wakaandamana hivyo, bega kwa bega, katikati ya wenzao waliovaa sare kamili, fanfare, ile bendi ya tarumbeta, ikipiga mbele na vumbi likipanda. Kijana mmoja aliyefunga kitambaa cha usalama mkononi akamnyoshea Mama kidole.

"Ule mwanamuke haiko wa hapa."

"Iko wa avenyu yetu," jirani akamjibu kwa sauti kubwa. "Hauone kikwembe?"

Kijana akashusha kidole. Mama alirudi nyumbani anacheka. Tulikula bukari, yaani ugali, na nyama ya mbuzi na sombe ya majani ya muhogo mpaka matumbo yakauma.

"Unaona?" alimwambia Baba.

"Balikupatia nusu," Baba akasema.

"Inatosha."

Tukabaki. Kabla mvua hazijaanza, mawe yalipigwa juu ya bati letu, na tukakimbia na magodoro kichwani kwenda kwenye mahema pembeni ya mji, pamoja na watu wa Kasai wasiohesabika. Huko tulimzika mdogo wetu wa mwisho. Ndipo tukapelekwa Kasai. Mama hakumlaumu jirani hata siku moja. Alijilaumu mwenyewe, kwamba aliona moyo wa mtu mmoja akadhani ni wa avenyu nzima. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu mimi pia nilidhani hivyo, na ningedhani hivyo tena.

Nilirudi mjini nikiwa mtu mzima, na watoto wangu. Nikaenda kwenye avenyu ile. Jirani alikuwa amekwisha kufa, lakini binti yake alinitambua kwa shingo, akanikalisha, akaniuliza habari za Mama. Unajua kwetu mtu akisafiri hatufagii nyuma yake, tusije tukafuta nyayo zake akashindwa kurudi. Tunangoja siku moja, tunafagia. Binti akaniambia kwamba siku tuliyokimbia, mama yake alisimama kwenye uwanja wetu na kukataza fagio. Siku ya pili akakataza tena. Majani yakajaa, mvua zikaja, nyasi zikafika dirishani, watu wakamwambia uwanja umekuwa pori na nyoka wataingia. Kila mara alijibu neno moja: "Benyewe habayafika," yaani wenyewe hawajafika bado.

Mama alikuwa amezikwa Kasai miaka mingi. Nilikaa pale na habari hiyo, sina wa kumpelekea.