Gunia la Nyasi

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, huku Issenye, mvua ilinyesha hadi kuta za udongo zikaota ukungu ndani. Mdogo wangu wa kike ana pumu. Mganga wa zahanati alimwambia mama kuwa ukungu na vumbi la malazi ndivyo vinavyombana kifua, kwa hiyo godoro lake, yaani gunia la nyasi, lijazwe nyasi mpya. Mama akaenda shamba la kijiji, kazi akaniachia mimi.

Mimi nililigeuza tu, upande mkavu ukakaa juu. Kisha nikafagia, kwa sababu balozi wa nyumba kumi alikuwa anapita kukagua usafi.

"Kijana, hapa ndani panapendeza kama ofisi ya wilaya," akasema.

"Imebaki bendera tu, mzee."

Asubuhi mdogo wangu alikuwa anavuta pumzi kwa mlio, kama filimbi ya mwalimu wa zamu. Mama akamlaumu ndama anayelala ndani, akamtoa nje kwenye mvua. Mdogo wangu akaniangalia.

"Kaka, nyasi ulibadilisha kweli?"

Huwa sikosi jibu. Siku hiyo nilimfuata mama nje. Nikamwambia ukweli, nikachapwa. Nilipolimwaga lile gunia, nyasi za katikati zilikuwa nyeusi, zina joto kama samadi. Nikampa mdogo wangu gunia langu, mimi nikalalia ngozi ya ng'ombe.

Siku ya nne aliniita mvivu, mwongo na mchafu kuliko fisi, yote kwa pumzi moja isiyo na mlio.