Baa ya Nanyuki

Raho Korane alianza kumshuku mumewe kwa sababu ya simu.

Mzee Abdirahim alikuwa mtu wa kuzungumza na simu kama anayeita ngamia waliovuka mto. Mtaa mzima wa Iftin ulijua bei ya ng'ombe wake kabla ya mnunuzi kuijua. Lakini tangu safari ya kuhama ipangwe, simu ikilia anavaa makubadhi, anatoka mpaka kwenye lango, anasimama karibu na dirisha la jirani na kunong'ona. Tena ananong'ona Kiswahili. Akirudi ndani anauliza, "Chai iko?" kama mtu aliyetoka kutazama mwezi.

"Nani alikuwa anapiga?" Raho anauliza.

"Koome."

"Anasemaje?"

"Anasalimia."

"Koome amekuwa mtu wa salamu sana siku hizi."

Mzee anapuliza chai yake.

Koome huyo alikuwa dereva wa lori, Mmeru, anayeleta viazi na kabeji Garissa tangu ujana wake. Ndiye aliyewatafutia nyumba ya kununua Nanyuki, pembeni ya mlima, mahali ambapo watu huota moto mchana. Mambo yenyewe yalianzia sokoni. Abdirahim alikuwa kati ya ng'ombe, jua la saa saba kichwani, akaanguka. Walimbeba hadi hospitali, na daktari akamwambia bila kuzunguka: "Mzee, moyo wako na joto la hapa haviwezi kukaa nyumba moja. Tafuta mahali pa baridi." Raho alilia siku ile, kisha akafuta machozi akasema, "Tutahama, inshallah." Uhai wa mtu hauwekwi mizani moja na nyumba.

Lakini nyumba ilikuwa nyumba kweli. Baba yake ndiye aliyemjengea mama yake, tofali kwa tofali. Raho alizaliwa humo, akawazaa Filsan na Ifrah humo, na ndimo alimomwosha mama yake mara ya mwisho. Sasa kijana mmoja aitwaye Abdinoor, karani, alikuwa ameipanga, tayari kuingia na mke na watoto siku lori litakapoondoka. Raho alijua jambo moja: ukishampa ufunguo mtu mwenye watoto, nyumba haikurudii ukibadilisha nia. Kwa hiyo ufunguo ule aliufunga kwenye ncha ya garbasari yake, mtandio wake mkubwa, na kila akikaa aliupapasa.

Wakapanga mizigo. Filsan, binti aliyeolewa Nairobi, aliwatumia mablanketi na makoti mazito. Yakawekwa pembeni mwa sebule, na katika joto lile kuyatazama tu kulimtoa mtu jasho. Abdirahim akajaribu koti moja, akakaa nalo kama mtu aliyekamatwa.

"Na feni?" akauliza Raho.

"Feni ya nini Nanyuki?"

"Iwepo tu. Huenda tukarudi."

"Naa Raho, mtu hahami huku anaangalia nyuma."

"Mtu anayenong'ona langoni asiniambie niangalie wapi."

Hapo ndipo alipoingia mwalimu Risper. Risper alikuwa ametoka Siaya muhula ule ule, kaletwa kufundisha shule ya msingi, akapanga chumba kilichopakana na ukuta wao. Alikuwa binti mwenye adabu, bado hajazoea jua wala maneno ya watu wa huku. Alikuja mchana, mzee akiwa msikitini, akakaa kwenye mkeka na kukunja sketi yake mara mbili, tatu.

"Mama Filsan, mimi si mtu wa umbea."

"Najua, mwalimu. Sema."

"Ni dirisha langu. Mzee anaongea pale pale. Nikifunga nakufa na joto, nikifungua nasikia." Akashusha sauti. "Mama, mnajua kuwa huko mnakoenda kuna baa?"

"Baa gani? Baa la njaa?"

"Hapana, mama. Baa ya pombe. Na nafikiri ni ya mzee."

Raho alihisi kama mkeka umevutwa chini yake. "Astaghfirullah. Mwalimu, umesikia vizuri?"

"Kwa masikio haya. Alisema, 'Koome, hii baa ilifuja msimu mzima. Sasa isifuje tena. Weka mtu mzuri huko juu, mtu anajua kazi.' Kufuja, mama, ni kutapanya mali. Mhudumu wa kwanza amekula pesa, sasa wanatafuta mwingine. Halafu akasema, 'Mama asijue.'"

Risper alipoondoka, Raho alibaki na uzi wa tasbihi mkononi bila kuhesabu kitu. Abdirahim? Mtu asiyekosa swala ya alfajiri? Mtu anayekunja pua akipita karibu na chupa tupu? Lakini pia ni Abdirahim aliyeuza ng'ombe wake wote kwa haraka, na hakusema pesa nyingine zimekwenda wapi. Ni Abdirahim anayenong'ona. Ukame umemaliza biashara yake, na shetani hupenda kumtembelea mtu akiwa amechoka.

Kumuuliza alitaka, akaogopa. Kumdhania Muislamu dhambi ambayo hujaiona nayo ni dhambi. Na kama ni kweli, atakataa, kisha atakuwa amesema uongo juu ya haramu. Basi akanyamaza, akaanza kuchunguza. Alinusa kanzu kabla ya kuifua. Abdirahim akicheka, alijiuliza anacheka nini. Mzee aliposema, "Nanyuki tutakula vizuri, Raho," alisukuma sahani pembeni. Kula kwa pesa ya nini? Usiku kwenye sijda alikaa muda mrefu, akiomba asiletwe uzeeni kulishwa asichokijua. Na akaapa kimoyomoyo: kama baa iko, ufunguo huu Abdinoor hauoni. Aende mzee na makoti yake. Yeye atabaki na feni.

Siku chache baadaye Koome alifika kutazama mizigo, ajue kama lori litatosha. Abdirahim alikuwa sokoni kumalizana na watu. Koome akazunguka nyumba na kamba yake ya kupimia, akagonga kabati, akainua godoro, akalitazama friza kama mtu anayemtazama fahali mkorofi. Raho akamwita kwenye kivuli, akamwekea chai ya tangawizi. Akamwacha anywe nusu.

"Koome, wewe ni kama ndugu yangu."

"Kabisa, mama."

"Basi niambie ukweli. Ile baa."

Kikombe kikasimama njiani. "Ni mzee amekuambia?"

"Nimesikia."

"Ai! Na alisema usiambiwe! Alisema ukisikia hutapanda lori."

Raho akaushika ufunguo. "Kwa hivyo ni kweli."

"Ni kweli, mama, siwezi kukudanganya. Lakini si mbaya vile. Ni ya zamani tu. Yule mwenye nyumba wa kwanza hakuitunza."

"Iko mbali na nyumba?"

Koome akamtazama. "Mbali aje? Si iko juu ya nyumba."

"Juu! Juu ya vichwa vyetu?"

"Sasa mama, ulitaka ikae wapi?"

"Laa ilaaha illallah! Na kelele?"

"Kelele ni wakati wa mvua. Siku hiyo hata redio hutasikia. Lakini mtazoea, watu wote huko wamezoea."

Raho alijiona amelala chini ya miguu ya walevi, mvua inanyesha nje, wao wanaimba juu. "Na wanaopanda huko ni watu gani?"

"Watu? Hakuna watu, mama. Ni paka tu."

"Usinifanyie mzaha, Koome! Wanywaji ni paka?"

"Hata mimi sijawaona wakinywa. Mimi nawaona wamelala pale kwa jua."

"Na mzee ameweka pesa yake?"

"Yote ni yake. Saa hii tunavyoongea mafundi wako huko juu wanagonga."

"Wanagonga nini?"

"Misumari."

"Misumari ya nini kwa baa?"

"Sasa mama, mabati yashikwe na nini? Mate?"

Raho aliuachia ufunguo. Kitu kilipita kichwani mwake polepole, kutoka mbali sana, kutoka darasa la tatu la shule ya msingi, na rula ya mwalimu Musyoka. Mwalimu Musyoka alikuwa akiwasimamisha watoto wa Kisomali mmoja mmoja na karatasi mbele ya midomo. Sema papa. Sema pipa. Karatasi isipopepea, rula inakuja. Raho alijifunza kuipepea. Abdirahim hakukaa mbele ya karatasi ile. Yeye Kiswahili alikiokota sokoni, kati ya mbuzi, na mpaka leo pesa kwake ni besa na vitu ni fitu.

Akainua kiganja mbele ya mdomo wake. "Koome," akasema taratibu, pumzi ikimgonga kiganjani. "Paa?"

"Si ndiyo hiyo nakuambia tangu niketi! Wewe umesema baa, nikajua ni paa. Miaka hii yote nabeba mizigo ya watu wa huku, kwani siwajui? Mzee naye kila siku ni 'baa isifuje, baa isifuje.'"

"Lisivuje," akasema Raho. "Paa lisivuje."

Koome akamkodolea macho. "Kwani wewe ulifikiria ni baa gani?"

Alipoelewa, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mzee Abdirahim! Mwenye baa! Mama, huyo nikisimamisha lori karibu na mahali kama hapo, anashuka anatembea mbele ananingojea!"

Raho naye alicheka, akajifunika uso kwa garbasari, akacheka tena, kisha akasoma istighfari kwa muda mrefu. Siku zote zile amenusa kanzu ya mtu wa watu.

Lakini alipofika kwenye kufuta macho, shaka ikarudi kwa mlango wa nyuma. Ngoja kwanza. Kumbe nyumba inavuja. Na mzee alijua.

Baada ya swala ya alasiri alimngoja na birika. Walizungumza lugha yao, Kisomali, mpaka Raho akasema ghafla, kwa Kiswahili, "Abdirahim, sema paa."

"Baa."

"Sema lisivuje."

"Isifuje. Kuna nini?"

Akamweleza yote, na mwisho akamwomba radhi. Abdirahim alisimama, macho yamemtoka. "Mimi? Wallahi, mahali hapo sijaingia hata kuuliza njia! Na mwalimu ndiye alisema?"

"Mwalimu hana kosa. Maneno yametoka kinywani mwako machafu, yakapita kwake yakatoka safi. Mimi nakujua miaka yote hii, lakini nilikusikia kwa mdomo wake. Ingekuwa ni wewe umeniambia, ningejua."

Mzee akakaa. Hasira ilimtoka kama maji kwenye mchanga. "Niliogopa," akasema. "Hii nyumba baba yako aliijenga, na haijawahi kuingiza tone moja."

"Mvua yenyewe inakuja lini?"

"Hata kama. Nilisema, Raho akisikia namtoa hapa nampeleka chini ya mabati yenye matundu, atabaki. Na mimi siwezi kwenda peke yangu. Nikaamua, ukibaki, acha nife kwa joto hapa na wewe. Ndiyo maana nikatengeneza kwa siri."

Raho alimmiminia chai bila kumtazama, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa. "Ungeniambia linavuja, ningesema twende na mabeseni. Wewe ukanong'ona."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini ufunguo bado sijautoa. Mtu aliyenificha tundu moja nitajuaje hajanificha la pili?"

Akampigia Koome mwenyewe, kwa sauti kubwa, langoni, dirisha la Risper likiwa wazi. Mvua ya kwanza ikinyesha Nanyuki, Koome aingie ndani ya nyumba ile, aweke simu sakafuni katikati ya chumba cha kulala, anyamaze. Risper akatoa kichwa dirishani, amejishika mashavu. "Mama Filsan, nimewaza hata sijalala. Nisamehe jamani!" Raho akamwambia, "Wewe ulinionea huruma, mwanangu. Ila njoo jioni, nikufundishe masikio."

Simu ililia mchana mmoja, jua la Garissa likiwa limewafukuza hata mbuzi barabarani. "Mama, inanyesha," akasema Koome. "Naweka chini."

Abdirahim na Raho waliinama juu ya simu ile, vichwa vyao vinagusana, jasho linawatiririka. Mvua ilisikika kwenye mabati, nyingi, bila kupumzika, kama mtama unaomwagwa ghalani. Abdirahim alifumba macho. Muda ulipita, mvua ikaendelea.

*To.*

"Koome!" Raho akapaza sauti. "Hiyo ni nini?"

Koome akasikika kutoka mbali, "Ni mimi, mama! Nimeweka kikombe mezani!"

"Ondoka chumbani. Ondoka na kikombe chako."

Wakasikiliza tena. Mvua, na mvua tu. Raho hakusikia tone. Akafungua fundo la garbasari, akautoa ufunguo, ukiwa na joto la mwili wake, akauweka mkononi mwa Abdirahim ampelekee Abdinoor.

Siku ya kuondoka feni waliiacha. Mablanketi yalipanda lori, godoro likapanda, friza likapanda kwa vilio. Koome akiwa anafunga turubai, Raho akamsimamisha, akampa beseni kubwa la plastiki.

"Hili liweke juu ya kila kitu," akasema, "nilifikie haraka."