Mnong'onaji wa Darasa la Pili

Wakati ule nafundisha kijijini Kitaya, hakuna aliyeniamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, na suruali yangu ya bugaluu, na darasa la pili lilijibu kila swali langu. Nikajua huo ni ufundi wangu.

Kero yangu ilikuwa Somoe, msichana wa dawati la nyuma. Nikimaliza kueleza jambo, yeye anainama kuwanong'oneza wenzake. Siku mkaguzi wa elimu alipokuja kutoka Mtwara, nikaona huyu ataniaibisha. Nikampa ndoo akamwagilie miche ya mikorosho.

Nikachora duara ubaoni, nikaligawa, nikaeleza kwa Kiswahili cha kitabuni.

"Nusu ya nusu ni nini?"

Wakageuka kutazama dawati la nyuma. Nikarudia kwa sauti kubwa, kana kwamba ni viziwi.

Mkaguzi akamwuliza mtoto wa mbele, "Mbona hamjibu?"

"Somoe hajatuambia," akasema. "Mwalimu akimaliza, yeye ndiye anatufundisha, kwa Kimakonde."

Somoe akaitwa. Akaja na ndoo yake ikining'inia kiwikoni, akalitazama duara langu kwa huruma. Akatoa kipande cha muhogo mfukoni, akakivunja mara mbili huku akisema maneno machache ya kwao. Mikono yote ikapaa.

"Robo!"

Nikaanza kutabasamu, kama vile kazi ni yangu. Mkaguzi akanigeukia, mpole kabisa.

"Mwalimu," akasema, "mpokee mtoto ndoo."