Uzi Mweusi Penye Maji

Muuza riwaya za mapenzi wa meza ya pili kutoka kwangu, hapa sokoni Kano, hauzi kitabu bila kukitolea onyo. Hulowesha kidole kwa ulimi, akafunua visa vya mahaba ya kasri la zamani, na kila penye jambo zito hulaza uzi: mwekundu kwa mambo ya chumbani, mweusi kwa machungu. "Hapa mke mwenza anatiliwa sumu," humwambia mteja kwa sauti ya muuguzi. "Usisome ukisonga tuwo, itaungua." Wateja hugombania vyenye nyuzi nyingi.

Jana Ladidi, mke wa fundi cherehani, alirudisha chake amenuna. "Hajiya, umenidanganya. Nimefika kwenye uzi mweusi leso mkononi, kumbe kijakazi analeta maji tu."

"Anaitwa nani huyo kijakazi?" muuzaji akamuuliza.

Ladidi akafunua mbele, akafunua nyuma. "Hajatajwa jina."

"Anawaletea maji watu wa kasri mpaka mwisho wa kitabu," alisema muuzaji, akiunyoosha ule uzi kwa ukucha, "na hakuna hata mmoja anayemwita kwa jina."

Ladidi akakirudisha kitabu mkobani. Leso akabaki nayo mkononi.